Kodi ya Bangi: Kutoka Bengal ya Waingereza hadi Denver



Asubuhi ya tarehe 1 Januari 2014, mjini Denver katika jimbo la Colorado, Marekani, watu walipanga foleni ndefu kwenye baridi na theluji wakingoja maduka yafunguliwe saa mbili kamili. Hawakuwa wakingoja mkate wala tiketi za mpira. Walikuwa wakingoja kununua bangi, hadharani, mbele ya kamera za televisheni za dunia nzima, kwa mara ya kwanza bila cheti cha daktari. Mnunuzi wa kwanza alikuwa mwanajeshi wa zamani aliyepigana Iraq. Alilipa, akakabidhiwa bidhaa yake, na pamoja nayo akapewa stakabadhi yenye kuonyesha kodi aliyotozwa.

Naomba leo tuitazame stakabadhi ile kuliko kilichokuwa ndani ya mfuko.

Nasema hivyo kwa sababu ya kijana mmoja, mzaliwa wa Tanga aishiye Colorado, aliyenipigia simu studio miaka kadhaa baadaye. Alikuwa na hati ya ukaazi wa kudumu na alikuwa akihesabu miezi kabla ya kuomba uraia. Shamba moja la bangi lenye leseni ya jimbo lilikuwa limempa kazi ya kupogoa na kufungasha, kwa mshahara mzuri kuliko aliokuwa akipata ghalani. "Shikamoo kaka," alianza, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake palepale: "Ikiwa serikali yenyewe inachukua kodi, kosa langu mimi litakuwa lipi?"

Swali hilo lina historia ndefu. Tangu zaidi ya miaka 100 iliyopita, mjadala wa bangi umekuwa pia mjadala wa kodi, na mara nyingi mno kutozwa kodi na kupewa ruhusa vimekuwa mambo mawili mbalimbali.

Tuanzie Bara Hindi, na si kwa bahati tu, kwani neno letu lenyewe, bangi, lina asili huko. Katika karne ya 19 Waingereza waliotawala India waliikuta bangi ikitumika kwa namna nyingi: majani yake yakisagwa na kunywewa katika sikukuu, maua yake yakivutwa kwa jina la ganja, na utomvu wake ukiitwa charas. Hawakuipiga marufuku. Waliitoza ushuru. Huko Bengal, katika eneo la Naogaon ambalo leo lipo Bangladesh, mkulima alilima ganja kwa leseni, mavuno yakahifadhiwa katika maghala yaliyosimamiwa na serikali, na ushuru ukalipwa mzigo ulipotoka ghalani.

Mwezi Machi 1893, mbunge William Sproston Caine, mpinzani mkubwa wa ulevi, aliuliza katika Bunge la Uingereza kuhusu madhara ya biashara hiyo kwa jamii ya Wahindi. Serikali ikaunda tume ya watu saba chini ya uenyekiti wa W. Mackworth Young, watatu kati yao wakiwa Wahindi. Tume ilizunguka nchi, ikahoji mashahidi 1,193, na mwaka 1894 ikatoa ripoti ya mabuku kadhaa ambayo mpaka leo wataalamu hawajaacha kuisoma.

Jambo moja katika kazi ya tume ile lanivutia kila nikumbukapo. Ilikuwa ikisemwa kwamba bangi ndiyo iliyojaza hospitali za wendawazimu, na takwimu za hospitali hizo zilionekana kuthibitisha. Wajumbe hawakuridhika na takwimu. Walirudi kwenye kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja, na wakagundua kwamba mara nyingi karani alijaza neno ganja kuwa ndiyo sababu ya maradhi bila ya uchunguzi wowote wa maana, alimradi nafasi ile katika fomu isibaki wazi. Uamuzi wao ukawa kwamba matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa, matumizi ya kupindukia yanadhuru, na marufuku kamili si ya lazima. Tena ingeweza kuwasukuma watu kwenye pombe na sumu mbaya zaidi kama mnanaha. Walipendekeza leseni, ushuru wa kutosha, mpaka wa kiasi ambacho mtu anaweza kuwa nacho, na maduka machache.

Tusiwapambe watawala wale kupita kiasi. Hazina ya kikoloni ilikuwa ikinufaika, na mtu anayenufaika huwa mwepesi wa kushawishika. Lakini angalau kwa mkulima wa Naogaon jambo lilikuwa bayana: aliyelipa ushuru hakuwa mhalifu.

Marekani ilifuata njia nyingine kabisa, na hapa ndipo hadithi inapokuwa ya ajabu.

Mwaka 1937 Harry Anslinger alikuwa mkuu wa idara ya serikali kuu ya kupambana na dawa za kulevya, kazi aliyoishika tangu 1930. Alitaka bangi itoweke. Tatizo lake lilikuwa Katiba: Bunge la Marekani halikuwa na mamlaka ya wazi ya kupiga marufuku mmea unaolimwa na kuvutwa ndani ya jimbo. Lakini Bunge lilikuwa na mamlaka makubwa ya kutoza kodi. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1934, lilikuwa limeibana biashara ya bunduki za rashasha kwa kuziwekea kodi ya dola 200, na mwezi Machi 1937 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba sheria ile ya bunduki ni halali. Wiki chache tu baadaye mswada wa kodi ya bangi ukafikishwa bungeni.

Mswada huo ulikuwa na hila ndani yake. Daktari, mfamasia au mfanyabiashara aliyejiandikisha alitakiwa kulipa dola moja kwa kila wakia aliyohamishiwa. Asiyejiandikisha alitakiwa kulipa dola 100 kwa wakia hiyohiyo, wakati ambapo bangi yenyewe haikukaribia bei hiyo. Kodi hii haikutungwa ili ilipwe. Ilitungwa ili isilipike, na asiyeilipa akamatwe kwa kosa la kukwepa kodi.

Aliyesimama kupinga alikuwa Dakta William Woodward, akiwakilisha chama cha madaktari cha Marekani. Alilalamika kwamba mswada ulitayarishwa kwa siri kwa muda wa miaka miwili, kwamba ushahidi ulioletwa ulikuwa habari za magazeti, na kwamba hakuna aliyeitwa kutoka idara ya magereza au ya watoto kuthibitisha madai kuwa wafungwa na wanafunzi wameangamia. Alieleza pia kwamba madaktari hawakutambua mapema mswada unawahusu, kwa kuwa ulitumia neno marihuana, la Kihispania cha Mexico, badala ya jina lililozoeleka katika vitabu vyao vya tiba. Wabunge walimhoji kwa ukali kana kwamba yeye ndiye mshitakiwa.

Waliosikilizwa kwa hisani zaidi walikuwa wauza chakula cha ndege. Hao walieleza kamati kwamba mbegu za mmea huu huwapa njiwa manyoya yenye kung'aa na kwamba hawajapata kitu cha kuzibadili. Sheria ikarekebishwa, wakaruhusiwa kuendelea mradi mbegu ziwe zimeuliwa zisiweze kuota. Ndivyo njiwa alivyopata wakili aliyefaulu pale daktari aliposhindwa.

Mswada ulipofika mbele ya Baraza zima la Wawakilishi mjadala ulikwisha upesi. Mbunge mmoja aliuliza madaktari wanasema nini, akajibiwa na mwanakamati kwamba wanaunga mkono, jambo ambalo halikuwa kweli. Rais Franklin Roosevelt alitia saini tarehe 2 Agosti, na sheria ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 1937.

Katika mwezi huohuo wa Oktoba, mtu aitwaye Samuel Caldwell alikamatwa kwa kuuza bangi bila ya kulipa kodi. Alihukumiwa kifungo cha miaka minne na faini ya dola 1,000, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kutiwa hatiani chini ya sheria hiyo. Na mji alimokamatiwa, wasikilizaji, ni Denver. Mji uleule. Kati ya pingu za Caldwell na foleni ile ya Januari 2014 kuna miaka 76, na shitaka lake lilikuwa kukosa stakabadhi ya kodi.

Yapo mapumziko mafupi katika hadithi hii ambayo wasikilizaji wetu wa Tanga na Morogoro watayaelewa vyema. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuiteka Ufilipino, Marekani ilikosa nyuzi za kutengenezea kamba za meli. Tanganyika ilihimizwa, na wengine wakalazimishwa, kuzalisha mkonge kwa ajili ya vita. Huku Marekani, Wizara ya Kilimo ikatoa filamu ya kuwahimiza wakulima wa majimbo kama Kentucky walime mbangi wa nyuzi, mmea ambao serikali hiyohiyo ilikuwa imeubana miaka mitano tu iliyopita. Mkulima alipewa kibali cha kodi, akalima, vita vikaisha, vibali vikafifia.

Hila ya mwaka 1937 ilidumu hadi tarehe 19 Mei 1969, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Timothy Leary, mhadhiri wa zamani aliyekamatwa mpakani Laredo, Texas. Majaji walisema kwamba mtu hawezi kulazimishwa kwenda ofisi ya serikali kulipa kodi ambayo kuilipa kwenyewe ni kukiri kosa. Ushindi huo haukudumu. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria mpya iliyoachana na visingizio vya kodi na kuiweka bangi moja kwa moja katika daraja la kwanza, pamoja na heroini. Tume iliyoteuliwa kuchunguza suala hilo ilipendekeza mwaka 1972 kwamba mtu asishitakiwe kwa matumizi yake binafsi. Rais Richard Nixon akalikataa pendekezo hilo.

California ilifungua mlango wa matibabu kwa kura ya mwaka 1996. Lakini ni mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008 uliobadili lugha ya mjadala. Majimbo yalikuwa yakifunga shule na kupunguza walimu, na wanasiasa waliokuwa wakiona haya kulitamka neno bangi wakaanza kulitamka pamoja na neno mapato. Tarehe 6 Novemba 2012 wapiga kura wa Colorado, takriban asilimia 55, waliikubali, ingawa gavana wao John Hickenlooper aliwasihi waikatae. Kivutio kimojawapo kilikuwa ahadi kwamba dola milioni 40 za kwanza za ushuru wa bidhaa kila mwaka zitajenga shule.

Je, fedha zilikuja? Zilikuja. Mwaka 2014 jimbo lilikusanya kodi na ada za takriban dola milioni 67. Mwaka 2021 zilifika milioni 423. Hata hivyo bajeti ya jimbo lile hupita dola bilioni 30, kwa hiyo hata katika mwaka ule wa neema bangi ilichangia kitu kama senti moja katika kila dola. Isitoshe, mwaka 2023 mapato yalishuka hadi takriban milioni 274.

Sababu za kushuka si siri. Colorado ilikuwa imekula utamu wa kuwa ya kwanza. Mji mdogo wa Trinidad, uliowahi kuishi kwa machimbo ya makaa ya mawe, ulipata maduka mengi ya bangi kwa kuwa uko karibu na mpaka wa New Mexico, na wateja walikuwa wakivuka mpaka kwa magari. Mwezi Aprili 2022 New Mexico ikafungua maduka yake. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 majimbo 24 yalikuwa yamehalalisha, na kila jimbo jipya lilichukua wateja wa jirani. Bei nayo ikaporomoka. Ratili moja ya maua iliyouzwa kwa jumla karibu dola 2,000 mwanzoni mwa 2015 ilikuwa chini ya dola 1,000 mwaka 2023. Hii ni kanuni anayoijua kila mkulima wa karafuu au kahawa: kitu kilichokuwa haramu kilibeba ndani ya bei yake thamani ya hatari, na hatari ikiondoka bei nayo huondoka. Wakulima wadogo wa kaskazini ya California, waliojificha milimani kwa miongo mingi, wengi wao walinusurika na helikopta za polisi lakini wakashindwa na soko halali. Jimbo lao lilikuwa limewawekea kodi ya kilimo kwa uzito, dola 9.25 kwa wakia ya maua mwaka 2018, ambayo haikujali bei imeshuka kiasi gani. Ikafutwa Julai 2022, wengine wakiwa wameshafunga.

Wapinzani nao walikuwa na hesabu zao, na si haki kuzipuuza. Hospitali za Colorado zilipokea watoto wengi zaidi waliokula peremende zenye bangi wakidhani ni peremende za kawaida. Bangi inayouzwa dukani siku hizi ni kali kupita ile iliyochunguzwa na tume ya 1893. Gharama kama hizo haziandikwi kwenye stakabadhi.

Sasa turejee kwenye swali la yule kijana, kwa maana liko jambo la kushangaza kuliko yote. Wakati majimbo yakifungua maduka, kwa sheria ya serikali kuu biashara hiyo iliendelea kuwa uhalifu. Benki nyingi ziliikwepa, wenye maduka wakawa wakipeleka kodi zao ofisini kwa mifuko ya noti, wakisindikizwa na walinzi. Na serikali kuu, iliyowaita wahalifu, iliwadai kodi ya mapato. Tena iliwadai zaidi ya wengine.

Mwaka 1981 mahakama ya kodi ilimruhusu muuza dawa za kulevya wa Minneapolis kupunguza gharama zake za biashara, ikiwemo simu na mizani, kabla ya kukokotoa kodi. Bunge lilikasirika, na mwaka 1982 likatunga kifungu kiitwacho 280E kinachomnyima anayefanya biashara ya dawa za daraja la kwanza na la pili haki hiyo. Chukua duka linalouza bidhaa za dola 1,000,000, lililozinunua kwa 600,000, na kulipa pango na mishahara 300,000. Faida yake halisi ni dola 100,000. Duka la viatu lingetozwa asilimia 21 ya hiyo, yaani 21,000. Duka la bangi, lisiloruhusiwa kutoa pango na mishahara, lilitozwa asilimia 21 ya 400,000, yaani 84,000. Ilikuwa ile dola 100 ya mwaka 1937 imevaa kanzu mpya.

Mwezi Mei 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza bangi ihamishwe kutoka daraja la kwanza hadi la tatu, ambako kifungu hicho hakigusi, na Desemba 2025 Rais Donald Trump aliagiza hatua hiyo iharakishwe. Lakini daraja la tatu si uhalali. Ni daraja la dawa zinazodhibitiwa.

Kwa mhamiaji, mtego ni mkali zaidi. Mwezi Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo kwamba mwombaji uraia aliyetumia bangi, au aliyefanya kazi katika biashara hiyo, anaweza kuhesabiwa kuwa hana maadili mema yanayotakiwa na sheria, hata kama jimbo lake linaruhusu. Mwezi huohuo meya wa Denver, Michael Hancock, alimwandikia Mwanasheria Mkuu akilalamikia masaibu ya wahamiaji wawili wa mji wake waliokwamishwa uraia kwa sababu ya ajira katika kampuni zilizokuwa na leseni na zilizolipa kodi zote.

Afrika nayo imeingia katika hesabu hizi. Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya tiba mwaka 2017, Malawi ilipitisha sheria yake mwaka 2020 ikitafuta mbadala wa tumbaku, na Rwanda ikaidhinisha mwaka huohuo kilimo cha kuuza nje tu, huku ikishikilia marufuku kwa raia wake. Nchini Kenya, George Wajackoyah aligombea urais mwaka 2022 akiahidi kulipa deni la taifa kwa bangi. Watu walimshangilia sana mikutanoni, na katika masanduku akapata asilimia 0.44. Binafsi sikucheka ahadi ile kama wengi walivyocheka, bali nilitamani mtu amwonyeshe bei za Colorado. Katika nchi zote hizi mkulima aliyekuwa akilima kwa kujificha aghalabu ameachwa nje, kwani uzio, kamera na maabara zinazodaiwa na leseni hugharimu fedha ambazo kijiji kizima hakina. Morocco ilijaribu njia tofauti: ilihalalisha mwaka 2021 katika milima ya Rif kunakolimwa tangu zamani, na Agosti 2024 Mfalme Mohammed wa Sita akawasamehe watu 4,831 waliohukumiwa au kusakwa kwa makosa ya kilimo hicho.

Ama yule kijana wetu wa Tanga, nilimshauri amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutia saini chochote. Alimwona. Mwanasheria alimsikiliza kwa dakika kumi, akamwambia arudi ghalani. Alirudi, kwa mshahara mdogo, na jirani yake mzaliwa wa Marekani akaichukua ile kazi ya shambani.